Nyumba ya Wapangaji Tabora Ukiwa Ughaibuni

Kabla hujauliza bei ya kiwanja Ipuli au Kiloleni, kata za mjini Tabora, angalia pasipoti yako. Tanzania haitambui uraia pacha kwa mtu mzima, na Sheria ya Ardhi ya 1999 haimpi asiye raia ardhi isipokuwa kwa uwekezaji ulioidhinishwa. Jengo la wapangaji wanne, kwa maoni yangu, ni dogo mno kupita mlango huo. Mkenya na Mrundi nao ni wageni hapa. Soko la pamoja la Afrika Mashariki limeiachia ardhi sheria za kila nchi. Mtanzania aliyechukua uraia wa nje aanzie kwenye hadhi maalumu ya wenye asili ya Tanzania iliyoletwa na marekebisho ya 2025, akiwa na wakili, kabla ya kutuma hata shilingi.

Njia ya mkato inayopendwa ni kuandikisha kwa jina la binamu. Mimi siipendi kabisa. Kwa Msajili wa Hati mwenye nyumba ni binamu, basi. Akitaka mkopo ataiweka rehani. Akifariki, inaingia kwenye mirathi yake na wajane na watoto wake wana haki zao. Makaratasi mliyoandikiana pembeni ili kuikwepa sheria hayatakusaidia mahakamani.

Mwenye uraia wa Tanzania yuko huru zaidi. Lipia upekuzi rasmi wa hati, dai ridhaa ya maandishi ya mke au mume wa muuzaji, na kama nyumba ni ya urithi, muuzaji aoneshe barua ya usimamizi wa mirathi. Kisha mtume mtu kwa mjumbe na majirani. Dalali hatakuambia kuwa mpaka una kesi. Jirani atakuambia kabla hajaulizwa.

Wapangaji Tabora hawakosekani: walimu, wauguzi, wanachuo, watu wa reli. Mwanachuo anatafuta chumba kimoja cha bei nafuu. Mtumishi anataka chumba masta na sebule, maji ndani, na LUKU yake, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla. Hapo kwenye LUKU usibane matumizi. Mita moja kwa familia nne ni ugomvi wa kila wiki, huyu ana friji, yule anapiga pasi za biashara. Tena tangu 2021 kodi ya majengo hukatwa humo humo, kwa hiyo mkataba useme nani anaibeba.

Kodi ya zuio kwenye pango, yaani ile inayokatwa kabla pango halijakufikia, ni asilimia 10 kwa mkaazi na 15 kwa asiye mkaazi. Aliye nje mwaka mzima apige hesabu kwa hiyo ya pili.

Msimamizi wa nyumba mlipe. Ndugu anayekaa bure kwenye chumba kimoja atakuwa mpangaji usiyeweza kumdai. Kodi ya pango iingie benki moja kwa moja, na msimamizi abaki na fungu dogo la matengenezo, akituma risiti na picha ya kilichotengenezwa kabla ya kuongezewa.