Semista moja Ujerumani bila kupoteza mwaka chuoni

Wadogo zangu wa mwaka wa pili wakisikia nilisoma Bayreuth semista moja, swali la kwanza ni lilelile: "Dada, viza ulipataje?" Viza ina orodha yake. Ukikamilisha kila karatasi iliyoandikwa pale, kinachobaki ni kusubiri. Kinachowaliza watu kwenye semista ya kubadilishana ni chuo chao wenyewe. Mtu anaenda, anasoma, anafaulu, anarudi Dar na matokeo yake, halafu anaambiwa kozi hizo hazitambuliki, arudie na darasa la nyuma yake. Kwa hiyo tunaanzia hapa nyumbani.

Kwanza kalenda. Ujerumani wana semista ya baridi, Oktoba hadi Machi, na ya kiangazi, Aprili hadi Septemba, lakini vipindi huwa vinaanza katikati ya Oktoba na katikati ya Aprili. Sasa weka kalenda ya chuo chako pembeni. Vyuo vyetu vingi hufungua Oktoba au Novemba, na UE, yaani mitihani ya mwisho wa semista, za semista ya kwanza huangukia Februari au Machi mwanzoni. Ukienda ya baridi, mitihani yao itakushika Februari, mingine husogea hadi Machi, na wenzako huku wameshaanza semista ya pili. Ukienda ya kiangazi unamaliza UE zako, unafunga begi, unaondoka. Vipindi vinaisha Julai. Kitakachogongana hapo ni field, yaani mafunzo kwa vitendo, basi mwone mratibu wa mafunzo kwa vitendo mapema akusogezee tarehe. Mimi nilienda ya kiangazi, na nikiulizwa nashauri hiyohiyo.

Pili, mkataba wa masomo. Hii ni fomu inayotaja kozi utakazosoma kule na kozi za huku zitakazofidiwa, na inasainiwa na watu watatu: wewe, chuo chako, na chuo kinachokupokea. Usikubali mkuu wa idara akuambie "nenda tu, ukirudi tutaona". Kila kozi ya kule iandikwe kando yake namba ya kozi ya huku inayofidiwa nayo, na saini iwepo kabla hujakata tiketi. Wakuu wa idara hubadilishwa. Aliyekuahidi kwa mdomo unaweza kumkuta yuko likizo ya masomo.

Krediti ndizo zinazoleta ubishi. ECTS, krediti ya vyuo vya Ulaya, moja ni saa 25 hadi 30 za kazi, na mwaka mzima ni ECTS 60. Kwa utaratibu wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti moja ni saa 10, na mwaka ni krediti 120. Chukua kozi ya ECTS 6. Ukihesabu kwa saa, ni 150 hadi 180, yaani krediti 15 au zaidi za huku. Ukihesabu kwa uwiano wa mwaka, 60 kwa 120, unapata 12 tu. Usiingie kwenye mabishano ya hesabu ipi ni ya haki. Panga kozi zako zitoshe hata kwa hesabu ndogo, halafu hesabu watakayoikubali iandikwe kwenye mkataba.

Na alama! Kule 1.0 ndiyo kilele, 4.0 ndiyo ufaulu wa mwisho, na 5.0 umefeli. Huku GPA ya 5.0 ni ndoto ya kila mtu. Fikiria karani wa mitihani anafungua matokeo yako anakuta 1.3, 1.7, 2.0: atadhani umedisko, yaani umefeli ukaondolewa chuo. Kwa hiyo jedwali la kubadilisha alama liambatanishwe na mkataba tangu mwanzo, likiwa na muhuri wa idara.

Kama una mkopo wa HESLB, Bodi ya Mikopo, pita dawati la mikopo uulize utasainije bumu, ile fedha ya kujikimu, ukiwa nje, na jibu uliombe kwa barua. Field na bumu vikishaeleweka, ndipo uhangaike na safari.

Pasipoti ni shilingi 150,000 na haiendi bila namba ya NIDA, kwa hiyo kama jina lako la cheti cha kuzaliwa na la NIDA yanatofautiana hata herufi moja, hilo ndilo la kushughulikia leo. Viza unayohitaji si ile ya siku 90. Ni ya kitaifa, yuro 75, na ubalozi upo Umoja House. Watataka kuona utaishije. Asiye na ufadhili huweka fedha kwenye akaunti ya zuio, inayokuruhusu kutoa kiasi cha mwezi tu kila mwezi, na kiwango tangu Septemba 2024 ni yuro 11,904 kwa mwaka, sawa na 992 kwa mwezi. Mwenye ufadhili hupeleka barua inayotaja kiasi cha kila mwezi. Soma kiasi hicho vizuri: kikiwa chini ya 992, jiandae kuonyesha tofauti inatoka wapi. Bima ya afya ya wanafunzi inakula zaidi ya yuro 130 kila mwezi, iingize kwenye bajeti kabla hujaanza kuota Paris.

Koti nunua soko la Karume, Dar. Makoti mazito ya mtumba pale hayana wateja, unaelewana bei vizuri, na Aprili ya Bavaria, jimbo la Bayreuth, bado ina asubuhi za kuumiza masikio.

Chumba usikitafute mitandaoni kwa kulipa mbele kwa mtu asiyekuonyesha mkataba. Anza na ofisi ya kimataifa ya chuo na hosteli za Studierendenwerk, shirika la huduma za wanafunzi. Ukifika, mwenye nyumba akupe karatasi ya kuthibitisha unakaa kwake. Unaipeleka ofisi ya wakazi ya mji ndani ya wiki mbili, na cheti utakachopewa hapo ndicho benki na ofisi ya wageni watakachokuuliza.

Darasani kuna jambo halipo kwetu. Huku ukishasajili kozi, mtihani unakuja wenyewe. Kule unajisajili tena kwa ajili ya mtihani, kwenye mfumo, ndani ya dirisha linalofunguliwa na kufungwa katikati ya semista. Likifungwa hujajisajili, hufanyi, hata kama hujakosa kipindi hata kimoja. Tazama tarehe hizo wiki ya kwanza uzibandike ukutani. Na penye hiari, chagua kozi zenye mtihani wa Julai kuliko semina zinazodai insha ndefu. Insha hupewa muda hadi Septemba, mwalimu naye anasahihisha kwa nafasi yake, na wewe huku unasubiriwa. Kozi ikifutwa ukiwa kule, jambo la kawaida, jaza sehemu ya mabadiliko ya mkataba na itume nyumbani isainiwe upya wiki hiyohiyo.

Ukiwa Bayreuth, ulizia Kongamano la Kiswahili la kila mwaka. Utamkuta Mjerumani akichambua utenzi kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko chetu cha vijiweni.

Kabla ya kuondoka, omba ofisi ya mitihani ya kule itume matokeo moja kwa moja chuoni kwako, nawe uchukue nakala zenye muhuri. Ukitua, moja ipeleke kwa mkuu wa idara, moja ofisi ya mitihani, na ya tatu wagongee "imepokelewa" na tarehe, ubaki nayo mpaka alama zisome kwenye akaunti yako ya chuo.