Kazi ya ushauri Nairobi, nyumba Mombasa: namna ninavyozishika zote mbili

Huu ni mwaka wangu wa sita katika ushauri wa makampuni. Ofisi iko Nairobi, nyumba yetu iko Tudor. Vijana wa hapa wanaomaliza chuo huniuliza kama kazi hii humwachia mtu nafasi ya mambo mengine. Humwachia, ila lazima uitafute nafasi hiyo mapema.

Anza kwa kuelewa kinachouzwa. Kampuni ya ushauri haina bidhaa ghalani. Inauza muda wa watu wake, na hupima ni sehemu gani ya wiki yako imelipiwa na mteja. Mradi ukiuzwa kwa wiki nane ilhali kazi yenyewe ni ya wiki kumi, hizo mbili zitatoka kwenye usingizi wako. Kwa hiyo kabla hujaingia, uliza: mradi umeuzwa kwa wiki ngapi, na tuko watu wangapi? Hapo utajua mengi kuliko uliyoahidiwa siku ya usaili.

Halafu chukua daftari, uandike saa zako zote kwa wiki nne, pamoja na barua pepe za usiku. Tuseme mtu anabakiwa na shilingi 180,000 kwa mwezi akifanya saa 70 kwa wiki. Hizo ni kama saa 300 kwa mwezi, yaani shilingi 600 kwa saa. Mwenziwe anabakiwa na 120,000 kwa saa 45 za wiki, karibu 195 kwa mwezi, naye anapata kama 615. Sikuambii umfuate huyo wa pili. Wa kwanza anajifunza haraka, anaketi na wakurugenzi angali kijana, na mara nyingi wateja huwaajiri washauri waliowafanyia kazi. Lakini jua mafunzo hayo unayanunua kwa bei gani, na uweke mwaka wa kupiga hesabu upya. Makampuni mengi ya ushauri yana desturi ya kupanda cheo au kuondoka, na ni heri siku hiyo ikukute umeshaamua.

Lililonigharimu zaidi ni hili: nilikuwa naomba "muda wa familia" badala ya kuomba siku na saa. Baba yangu ana kisukari, na kliniki yake ni Ijumaa ya kwanza ya mwezi. Nilimwambia meneja ningependa kuwa karibu na nyumbani. Akakubali kwa moyo mweupe, na miezi minne ikapita bila mimi kuonekana kliniki. Mzee alipelekwa na jirani. Alipobadilishiwa dawa, nilipata habari baada ya wiki tatu, na mpaka leo linaniuma.

Mradi uliofuata, siku ya kwanza, kabla ratiba haijaandikwa, nilisema: "Ijumaa ya kwanza ya kila mwezi nitakuwa Mombasa. Alhamisi naondoka na treni ya saa tisa alasiri. Kazi yangu utakuwa nayo Alhamisi saa sita mchana, na Ijumaa kuanzia saa nane mchana napatikana kwa simu." Hakubisha, kwa kuwa alijua apange nini wapi. Ombi hilohilo ukilileta wiki ya tano, mteja anasubiri ripoti, litasikika kama kutoroka. Na liwe moja tu. (Usitegemee kumalizia kazi ndani ya treni, mimi mtandao hunikatikia tukipita Tsavo.)

Likizo nayo ni haki. Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa likizo ya siku za kazi zisizopungua 21 kwa mwaka, na angalau siku moja ya mapumziko katika kila saba. Iombe mradi ukikaribia kuisha, kabla hujapangiwa mwingine, maana hapo hakuna mteja anayekudai.

Ujue utalipia. Mwenzangu tulioanza pamoja alipandishwa cheo mwaka mzima kabla yangu, kwa sababu alikwenda kwenye mradi wa nje ya nchi nilioukataa. Nililijua hilo nilipokuwa nikikataa. Kama wewe bado huwezi kulikubali, chukua mradi huo.

Mwezi huu tulifika kliniki saa mbili kasorobo. Daktari alipunguza kipimo cha dawa ya jioni, nami nikakiandika kwenye daftari lilelile la saa.