Kugawa mimea inayokula wadudu na kuituma kwa gari kutoka Nakuru

Sisi tuliokulia Nakuru tunajulikana kwa meno. Maji ya visima vya huku yana floridi nyingi, madini yanayoyatia meno madoa ya kahawia, na mtu akikuona ukicheka tu anajua umetoka Bonde la Ufa. Nimeanza na meno kwa sababu maji hayohayo ndiyo yaliyoniulia mimea yangu ya kwanza. Kosa si la floridi peke yake, ni la chumvi zote zilizoyeyuka humo. Mimea hii asili yake ni vinamasi ambavyo udongo wake hauna kitu, ndiyo maana ikaanza kuwinda. Mizizi yake ni ya kimaskini, haijui kushiba. Ukiipa maji ya kisima, mbolea au samadi, unaiua kwa ukarimu.

Ninayoigawa mara nyingi, yaani kutenga mmea mmoja uwe miwili au zaidi, ni aina mbili. Wa kwanza ni drosera ya Rasi (Drosera capensis), wa Afrika Kusini, wenye majani membamba yaliyojaa nywele nyekundu na matone ya ute. Wa pili ni mtego wa nzi (Dionaea muscipula), wenye majani yanayojifunga kama mtego, ambao asili yake ni majimbo mawili tu ya Marekani, North Carolina na South Carolina. Wenzangu wa Kisumu, Eldoret na Kitale hunitumia yao, nami nawatumia yangu.

Hatua ya 1: Maji na udongo kabla ya kisu

Kinga maji ya mvua. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iache ioshe vumbi la mabati, kisha weka mtungi. Kama mabati yameota kutu au yamepakwa rangi inayobambuka, kinga uwanjani kwenye beseni. Ukiwa na kile kimita kidogo cha kupima chumvi kwenye maji, namba ikiwa chini ya 50 uko salama. Maji ya mfereji hapa kwangu yanasoma tarakimu tatu. Kuyachemsha hakusaidii: maji huenda na mvuke, chumvi inabaki, tena imekolea zaidi. Mvua ikikata, nunua maji yaliyokenekwa ya kuongezea betri ya gari kwenye kituo cha petroli, ila soma kibandiko vizuri, maana asidi ya betri nayo huuzwa rafu hiyohiyo.

Udongo ni piti tupu (mboji ya vinamasini) na perlaiti (chembe nyeupe nyepesi za mawe), nusu kwa nusu. Piti iwe haijatiwa mbolea wala chokaa. Niliwahi kununua gunia kwenye agroveti moja, muuzaji akaniapia ni safi. Wiki tatu baadaye ncha za majani zikawa nyeusi, ndipo nikageuza gunia na kusoma maandishi madogo: limeongezwa virutubisho. Vyungu kumi na moja vilienda na maji. Perlaiti ikikosekana, mawe ya povu yanayochimbwa upande wa Longonot yanafaa. Yavunje yawe kama punje za mahindi, uyaoshe mpaka maji yatoke meupe. Makumbi ya nazi yaliyosagwa huja na chumvi, na kuyaosha ni kazi ya siku nzima, mimi nimeacha. Mchanga wa ufukwe wa Ziwa Nakuru usiuguse kabisa. Lile ni ziwa la magadi.

Hatua ya 2: Chagua wakati

Drosera ya Rasi igawe mwezi wowote, haina maringo.

Mtego wa nzi una mambo yake. Kwao kuna majira ya baridi, na wakati huo hulala miezi mitatu au minne. Sisi tuko jirani na mstari wa ikweta, mchana wetu ni saa kumi na mbili mwaka mzima, kwa hiyo hakuna kitu kinachouambia ulale. Utaota mwaka wa kwanza, wa pili, halafu unaanza kudhoofika na wewe hujui umeukosea nini. Mtu wa Molo, ambako usiku wa Julai unauma, ana nafuu. Mimi nautia kwenye friji: namwaga udongo, naviringisha mizizi kwa sfagnamu (mmea laini wa vinamasini unaoshika maji kama sponji) yenye unyevu kidogo, naweka ndani ya mkebe wa plastiki wenye kifuniko, rafu ya chini, mbali na friza. Kila wiki mbili naufungua kuangalia ukungu. Andika jina juu ya mkebe. Shangazi yangu aliwahi kuufungua akidhani ni achari.

Siku unapoutoa friji ndiyo siku nzuri ya kuugawa, na ndiyo siku nzuri ya kuutuma pia. Una majani machache, mitego midogo, na bado hauna haraka ya kuishi.

Hatua ya 3: Drosera, kwa mizizi

Ng'oa mmea, osha udongo. Utaona mizizi minene, myeusi kama nyuzi za viatu. Kata miwili au mitatu, ule mmea mama utavumilia. Kila mzizi uukate vipande vya urefu wa kidole gumba, uvilaze juu ya piti mbichi, ufunike kwa piti nyepesi isiyozidi nusu sentimita. Baada ya mwezi hivi, kila kipande hutoa chipukizi moja au mawili. Hata jani zima likielea kwenye kikombe cha maji ya mvua karibu na dirisha hutoa watoto. Hakuna anayehitaji kununua drosera hii mara mbili.

Hatua ya 4: Mtego wa nzi, taratibu

Hapa ndipo watu wengi huharibu, kwa hiyo twende polepole.

Usivute majani. Minya chungu pande zote, kiinamishe, acha donge lote liteleze mkononi. Lizamishe kwenye beseni la maji ya mvua dakika kumi, kisha litikise humohumo majini mpaka piti iachie yenyewe. Kinachobaki mkononi kinafanana na kitunguu cha majani: chini peupe pamevimba, juu kijani. Mizizi ni myeusi. Usiogope weusi, ndiyo rangi yake ikiwa hai, na ukiangalia ncha utaona nyeupe. Iliyokufa utaijua kwa vidole: ni laini, inachubuka na kubaki kama uzi mtupu. Hiyo ikate.

Sasa tafuta mioyo. Tazama kutoka juu, uhesabu ni sehemu ngapi majani machanga yanachomoza. Mmea wenye mioyo mitatu ni mimea mitatu iliyoshikana mabega, kama machipukizi ya mgomba. Shika miwili kwa chini, pale peupe, uitingishe huku na huku. Ikiwa tayari itaachana kwa mlio mdogo kama wa kuvunja kitunguu. Isipoachana chukua wembe uliopanguswa kwa spiriti, ukate katikati, ukihakikisha kila upande umebaki na mizizi yake. Chipukizi lisilo na mzizi hata mmoja liache kwa mama yake mwaka mwingine.

Majani ya nje yaliyoanza kuchakaa yavute kuelekea chini yang'oke pamoja na kisigino cheupe. Yachomeke visigino kwenye sfagnamu. Baada ya mwezi mmoja au miwili huenda ukaona vitoto vidogo kuliko kichwa cha njiti ya kiberiti.

Na mitego usiichokoze. Kila mtego una nguvu ya kujifunga mara chache tu katika maisha yake, na kila anayepita akitia kidole anakula akiba hiyo. Mimi naogopa wageni kuliko konokono.

Hatua ya 5: Chungu kipya

Chagua cha plastiki, kirefu, kama sentimita 12. Cha udongo kina madini yake na hukausha maji haraka. Toboa piti kwa kijiti cha mshikaki, ning'iniza mizizi ndani, jaza mpaka weupe ufunikwe lakini moyo ubaki wazi. Simamisha chungu kwenye trei yenye maji ya sentimita moja au mbili. Kivuli chepesi wiki mbili, halafu jua.

Mmea uliogawiwa leo usiutume kesho, labda uwe umetoka friji ukiwa bado umelala. Ungoje utoe jani jipya.

Hatua ya 6: Kufunga

Kifurushi changu cha kwanza kilikwenda kwa mwalimu mstaafu wa Kisumu. Nilijaza maji kwenye sfagnamu kwa huruma, njia ni ndefu, nikafunga kila kitu kwa nailoni tabaka tatu. Kikalala kwenye stoo ya magari Jumamosi na Jumapili, na joto la Kisumu unalijua. Jumatatu akanipigia.

"Mwanangu, hii ni mimea au umenitumia mrenda?"

"Pole, Mwalimu."

"Pole ni ya nini? Ungeniambia nisonge ugali."

Tangu hapo nafuata hivi. Ng'oa mmea, osha mizizi. Loweka sfagnamu, kisha ikamue kwa ngumi mpaka isidondoshe hata tone. Viringisha mizizi tu, majani yabaki makavu, kisha zungusha karatasi ya foili mpaka pale peupe. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, nami kusema kweli siikumbuki, kwa sababu chupa ya soda ya nusu lita inafanya kazi nzuri zaidi. Ikate katikati. Mmea unakaa nusu ya chini, foili ikiwa imebanwa na vipande vya gazeti isicheze, majani yakitazama juu bila kugusa ukuta. Nusu ya juu irudishe kama kofia, zungusha selotepu, kifuniko kilegeze kidogo upate kupumua. Mitego mingine itajifunga njiani kwa kutikiswa. Si kitu, kisicho na nzi ndani hufunguka baada ya siku moja au mbili.

Chupa nne zinaenea kwenye boksi la viatu. Jaza nafasi zote kwa gazeti; ukilitikisa boksi na ukasikia kitu, rudia. Andika mshale wa kuelekea juu pande zote nne, na maneno MIMEA HAI, USIWEKE JUANI. Makarani wengine husoma.

Mbegu za drosera ni rahisi kuliko yote haya. Ni vumbi jeusi, zikunje ndani ya karatasi laini, mkunjo juu ya mkunjo, tia kwenye bahasha.

Hatua ya 7: Gari

Tuma Jumatatu hadi Jumatano, gari la asubuhi mapema. Kutoka Nakuru kupitia Kericho kifurushi kinafika Kisumu mchana uleule. Kabla ya kulipa, mpigie anayepokea uhakikishe yuko mjini leo, si kwamba "atatuma mtu". Chukua risiti, piga picha namba ya gari, mtumie zote mbili. Omba boksi lisiwekwe kwenye buti karibu na ekzosi.

Usivushe mpaka wa Busia au Malaba kwa njia hii. Mmea unaotoka nchini unahitaji cheti cha afya ya mimea cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua mimea, na mtego wa nzi, pamoja na sarasenia na nepenthesi ambazo nazo hula wadudu, zimo pia kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe wa porini. Na drosera ya porini ukiikuta kinamasini, ipige picha uiache hapo.

Hatua ya 8: Kwa anayepokea

Fungua siku hiyohiyo. Drosera itafika bila tone la ute, imelala kama nywele zilizonyeshewa. Usiinyunyizie maji. Ipande, iweke kivulini, funika kwa nusu ya juu ya ile chupa iliyokuja nayo, na kila siku ondoa kifuniko muda mrefu zaidi. Ukiona ute umerudi kwenye jani jipya, anza kuisogeza juani. Chakula bado. Ikipata nguvu itajikamatia mbu na inzi wadogo yenyewe.

Chupa na boksi virudishwe kwa gari, tafadhali. Boksi langu limeshaenda kwa Mwalimu na kurudi mara nne. Mara ya mwisho lilikuja na drosera tatu ndogo, na chini yake kilo moja ya omena, na kikaratasi: "Mitego yako nayo ionje samaki." Haikuonja. Omena niliikaanga na nyanya, nikaila mwenyewe.