Anza na kichwa cha risasi, bunduki ije mwisho

Wanaojiandaa kuwinda nyati, tembo au simba kwa mara ya kwanza huniuliza kinyumenyume. Wanataka kujua bunduki ipi ni nzuri, mtutu mmoja au miwili, kaliba gani, yaani upana wa tundu la mtutu. Mimi huwaambia waanze na kile kipande kidogo cha chuma kitakachomwingia mnyama, maana katika vyote ulivyobeba, ni hicho tu kinachomgusa.

Nilifuata nyayo miaka kumi na mmoja, natembea mbele ya watu wenye bunduki, kabla sijapata leseni ya kuongoza wawindaji. Haya nimeyaona nikiwa upande wa mdomo wa mtutu, na baadaye upande wa kitako.

Vichwa vya risasi viko vya aina mbili kubwa. Kuna kinachofunguka kama uyoga kikiingia mwilini, na kuna kigumu kisichobadilika umbo. Simba na chui wana ngozi nyembamba na mifupa myepesi, kwa hiyo wapige na kinachofunguka. Tembo ni kigumu tu. Ubongo wake umekaa nyuma ya mfupa mnene wenye vishimo kama sega la nyuki, na kinachofunguka kitaishia humo humo.

Nyati ndiye anayehitaji kufikiriwa zaidi. Risasi ya kwanza naweka inayofunguka, lakini iliyotengenezwa imara, ya shaba tupu au ambayo koti lake la nje limeshikamanishwa na kiini, isije ikasambaratika kwenye mfupa wa bega. Sababu ni kwamba nyati mara nyingi yuko kundini, na kigumu kinaweza kumpita huyu kikamjeruhi aliyesimama nyuma yake. Zinazofuata kwenye magazini, kile kisanduku cha risasi ndani ya bunduki, ni ngumu. Kufikia risasi ya pili huyo nyati amekwisha kugeuka, anakimbia, na risasi inatakiwa iingie nyuma ifike mpaka kifuani.

Uzito nao usiupunguze ili upate kasi. Kichwa kirefu na kizito kwa unene wake ndicho kinachozama: greni 300 (greni 15 ni kama gramu moja) kwa .375, yaani kaliba ya inchi 0.375, greni 400 kwa .416, greni 500 kwa .458. Utasikia habari za W.D.M. Bell, mwindaji wa zamani aliyeua tembo wengi mno kwa risasi ndogo ya 7x57, ya unene wa milimita 7. Ni kweli. Ila alitumia vichwa vigumu virefu, aliujua mwili wa tembo ndani na nje, na alichagua pembe ya kupigia. Usimwige.

Sasa bega lako. Mgeni mmoja alikuja na bunduki ya kaliba .500 ambayo, kama alivyokiri baadaye, alikuwa ameifyatua mara sita tu. Dume mzee alisimama ubavu, hatua hamsini. Mimi nilikuwa nikimwangalia yule bwana usoni badala ya kumwangalia nyati, na nikamwona akifumba macho kabla ya mlio. Risasi ikapiga tumbo. Tulifuata damu kwa muda wa saa nne kwenye kichaka kinene, na tulipomkuta alikuwa amezunguka, amesimama kando ya nyayo zake mwenyewe, anatusubiri. Tulimmaliza kwa .375. Mnyama yule aliteseka saa nne kwa sababu ya bunduki iliyomtisha mwenye nayo.

Ndiyo maana kwa mtu wa kawaida nasema .375 H&H Magnum. Imekuwapo tangu 1912. Inarusha greni 300 kwa karibu mita 770 kwa sekunde, nguvu yake ni kama jouli 5,800, na teke lake begani, mtu akijizoeza, analimudu. Nchi nyingi za Afrika zimeifanya .375 kuwa kiwango cha chini kisheria kwa wanyama hatari. Nyingine hupima kwa jouli, kwa hiyo soma sheria ya unakokwenda kabla hujanunua chochote.

Ukiimudu hiyo na bado unataka zaidi, hasa kwa tembo, panda hadi .416 Rigby ya 1911. Ganda lake, kile kikopo kinachobeba baruti, ni pana na msukumo wa ndani ni mdogo, kwa hiyo hata kwenye joto kali ganda tupu hutoka bila kung'ang'ania. Zaidi ya hapo, .458 na kuendelea, ni za anayefyatua mara kwa mara.

Bunduki sasa. Nachagua ya bolti, ile unayovuta na kusukuma kwa mkono kutoa ganda na kuingiza risasi mpya, ya mtindo wa bunduki ya Kijerumani ya Mauser 98, yenye ukucha mpana unaoshika ganda tangu linapotoka kwenye magazini. Hata ukisukuma bolti kwa papara, risasi haipotei njiani. Uzito uwe kilo 4 na kidogo. Nyepesi zaidi itakuumiza. Mitutu miwili inakupa risasi ya pili papo hapo, lakini ni ghali, na mitutu hiyo hulinganishwa kwa aina moja ya risasi. Ukibadilisha risasi, kila mtutu unaweza kupiga pake.

Kile kifaa cha kupunguza teke kinachofungwa mdomoni mwa mtutu, nakuomba usikilete. Kinapeleka mlio pembeni, na pembeni ndipo anaposimama mfuata nyayo. Sikio langu la kushoto linalia usiku na mchana tangu siku niliyosimama karibu na kimoja. Kama huwezi kufyatua bila hicho, teremka kaliba.

Darubini iwe ndogo, inayoanzia ukuzaji wa 1, ya kufungua haraka kwa mkono, na chini yake kuwe na shabaha za kawaida: V pana nyuma, shanga nyeupe mbele. Ukiingia kichakani kufuata aliyejeruhiwa, darubini ivue.

Kwa mazoezi, usikae mezani. Simama, tumia fimbo tatu za kuegemeza, piga mita 50, halafu piga tena upesi bila kushusha bunduki begani. Nyumbani tumia risasi bandia zisizo na baruti wala kiwashio. Jaza magazini, pitisha zote, polepole kisha kwa nguvu. Magazini ikikwama hata mara moja, peleka bunduki kwa fundi.

Zaidi ya yote, zoeza mkono kuvuta bolti mpaka ikome nyuma. Risasi ya .375 ni ndefu, na mtu akishikwa na hofu huvuta nusu: ganda tupu halitoki, au jipya halipandi. Ifanye mara mia, macho yakiwa kwenye shabaha.

Na risasi utakazobeba porini ziwe za toleo lile lile ulilopimia shabaha, zikae kivulini, wala usiziache kwenye dashibodi ya gari.