Safari ya Siku Moja Katika Jiji la Watalii: Jinsi ya Kuipanga kwa Utulivu na Gharama Nafuu

Kwa miaka mingi nimekuwa nikipanga safari za kwenda asubuhi na kurudi jioni kwa ajili ya familia na vikundi vidogo, na nimeona kwamba kinachowachosha watu katika jiji la watalii na kinachomaliza fedha zao ni kitu kimoja: kutaka kuona kila kitu kwa siku moja. Anayekimbilia vivutio sita hulipa viingilio sita, hupanda na kushuka magari siku nzima, hula popote njaa inapomkuta, na jioni hukumbuka foleni kuliko alivyoviona. Njia ninayoifuata ni kuchagua kivutio kimoja cha kulipia na eneo moja la jiji, kisha kuipanga siku yote kuvizunguka hivyo viwili.

Hatua ya 1: Anza na safari ya kurudi

Kabla ya kuangalia kivutio chochote, fungua ratiba ya treni, basi au feri, tafuta chombo cha mwisho cha kurudi, kisha panga kupanda kile kinachokitangulia. Cha mwisho kiachie dharura, kwa sababu ukikikosa utalazimika kulala hotelini au kukodi teksi ya safari ndefu, na gharama hiyo peke yake inaweza kuzidi matumizi yote ya siku.

Baada ya hapo hesabu kwa kurudi nyuma. Tuseme treni unayoitaka inaondoka saa 12:40 jioni (ratiba za mtandaoni zitakuandikia 18:40, nami hushauri saa zote ziandikwe upya kwa Kiswahili ili mtu asichanganyikiwe akiwa amechoka). Unapaswa kuwa stesheni saa 12:15. Ikiwa stesheni ni mwendo wa nusu saa kwa miguu, ondoka saa 11:40, na shughuli ya mwisho iishe saa 11:15 ili watu wapate nafasi ya kwenda msalani na kukusanyika bila kuitana kwa sauti. Ukiondoa pia muda wa safari ya asubuhi, utakuta siku uliyodhani ina saa kumi na mbili imebakiwa na saa sita au saba. Hizo ndizo saa zako halisi, na mipango yote inayofuata itoshee ndani yake.

Hatua ya 2: Chagua siku kwa makini

Hapa ndipo fedha nyingi huokolewa au kupotea. Makumbusho mengi makubwa hufungwa siku moja kwa wiki, na siku hiyo hutofautiana hata ndani ya jiji moja: mjini Paris, Louvre hufungwa Jumanne ilhali Musée d'Orsay hufungwa Jumatatu. Uffizi ya Florence nayo hufungwa Jumatatu. Niliwahi kuwafikisha watu kumi na mmoja mbele ya mlango uliofungwa, kwa sababu nilisoma saa za kufungua nikaacha kusoma siku. Karatasi ndogo iliyobandikwa nyuma ya kioo ilieleza kila kitu kwa mistari miwili. Mzee mmoja aliyekuwa ameisubiri safari ile kwa wiki kadhaa aliketi kwenye ngazi, akavua kofia, akaniuliza kwa upole tufanye nini sasa, nami sikuwa na jibu. Tangu wakati huo sinunui nauli kabla ya kusoma ukurasa wa saa za kazi kwenye tovuti rasmi ya kivutio chenyewe, pamoja na orodha ya sikukuu.

Angalia pia kama jiji linawatoza wageni wa siku moja. Venice ilianza utaratibu huo tarehe 25 Aprili 2024, kwa siku maalumu zilizotangazwa mapema, na anayeahirisha safari hadi siku isiyo kwenye orodha halipi ada hiyo.

Kuhusu siku za kuingia bure, msimamo wangu ni kwamba bure na utulivu havipatikani pamoja mara nyingi. Makumbusho ya Vatican hufunguliwa bila kiingilio Jumapili ya mwisho ya mwezi, na foleni ya siku hiyo inaweza kukumaliza nguvu kabla hujaufikia mlango. Mpango wa makumbusho ya Prado, mjini Madrid, unanivutia zaidi: kiingilio ni bure kwa saa mbili za mwisho kabla ya kufunga, karibu kila siku yanapofunguliwa. Saa mbili zinamtosha mtu aliyechagua vyumba vichache, ilimradi treni yake ya kurudi si ya mapema.

Hatua ya 3: Nunua tiketi moja, mapema

Kivutio kikuu kikishachaguliwa, nunua tiketi yenye saa maalumu. Kwa baadhi ya mahali hakuna njia nyingine: Nyumba ya Anne Frank, mjini Amsterdam, huuza tiketi mtandaoni pekee, na kila Jumanne hutoa za wiki ya sita mbele. Kwenye tiketi ya Alhambra, ngome ya kale mjini Granada, huandikwa saa ya kuingia katika Majumba ya Wanasri, yaani makasri ya ukoo wa kifalme uliotawala humo, na anayechelewa anaweza kukosa sehemu ambayo ndiyo iliyomleta. Kwa hiyo weka angalau saa nzima kati ya kufika jijini na saa ya tiketi. Hakikisha pia kwamba tovuti unayolipia ni ya kivutio chenyewe, kwani madalali mara nyingi hutangulia katika matokeo ya utafutaji na huongeza bei.

Hatua ya 4: Chora duara kwenye ramani

Weka kivutio kikuu katikati, kisha chora duara la kilomita moja, yaani takriban dakika kumi na tano za kutembea. Ndani yake tafuta vitu viwili au vitatu visivyo na kiingilio: bustani, daraja, soko, nyumba ya ibada iliyo wazi kwa wageni, au makumbusho ya bure kama British Museum na National Gallery mjini London. Ukiyataka mandhari, usafiri wa kawaida wa wenyeji huweza kuyatoa. Feri ya Staten Island mjini New York haitozi nauli tangu 1997, na hupita mahali ambapo Sanamu ya Uhuru inaonekana vizuri.

Panga kuanza na kilicho mbali zaidi na stesheni, ili kadiri miguu inavyochoka ndivyo unavyoikaribia njia ya nyumbani. Pasi za vivutio vingi sizishauri kwa siku moja, maana humsukuma mwenye pasi kukimbia ili asipate hasara.

Hatua ya 5: Chakula, maji na saa ya kupumzika

Sogea mitaa mitatu au minne kutoka uwanja mkuu kabla ya kutafuta chakula, na kula nusu saa kabla ya wengine. Beba chupa ya maji ya kujaza tena. Roma, kwa mfano, ina zaidi ya mabomba 2,000 ya maji ya kunywa yanayotiririka barabarani, ambayo wenyeji huyaita nasoni.

Saa ya kupumzika iandikwe kwenye ratiba kama kitu chenye wakati wake, kwa mfano saa 8:00 hadi 9:00 mchana, bustanini, viatu vikiwa vimevuliwa. Isipoandikwa, kitu kingine huichukua. Watoto na wazee ndio huionyesha thamani yake: kikundi kilichopumzika saa hiyo hufika jioni kikiwa bado kinazungumza kwa furaha.

Hatua ya 6: Karatasi moja

Usiku wa kuamkia safari, kunja karatasi katikati. Kushoto andika saa, kulia andika fedha: nauli, kiingilio, chakula, na akiba ya dharura isiyoguswa. Pakua ramani ya kutumia bila intaneti, hifadhi picha za tiketi kwenye simu, ijaze chaji, na beba begi dogo, kwa kuwa makumbusho mengi hayaruhusu mabegi makubwa ndani.

Mwisho, chukua kalamu ya risasi utie alama kwenye kitu kimoja kitakachofutwa endapo treni itachelewa au mvua itanyesha, na ukubaliane na wenzako juu yake kabla ya kulala. Mkifika mmechelewa, kifuteni hicho, na saa ya bustanini ibaki palepale.