Baiskeli moja kwa lami, vumbi na mzigo: jinsi ya kuchagua fremu na upana wa tairi

Anayetaka baiskeli moja ya kwendea kazini kwenye lami, na hiyohiyo ibebe gunia hadi mashineni kwa njia ya vumbi, aanze na fremu. Tairi likiisha linavuliwa na jingine linavalishwa, lakini nafasi iliyopo kwenye foku (uma unaoshika gurudumu la mbele) na kati ya bomba za nyuma haiongezeki. Fremu iliyotengenezwa kwa tairi la milimita 28 itabaki hivyo mpaka iuzwe chuma chakavu. Ndiyo maana zile baiskeli za mbio za mtumba, nyepesi na za kupendeza, huwa hasara kwa mtu anayekaa mbali na lami.

Soma namba ubavuni mwa tairi

Dukani tairi huulizwa kwa inchi, na hapo ndipo wengi hupoteza hela. "Inchi 26" si saizi moja. Baiskeli ya milimani ya inchi 26 hukaa kwenye ringi ya milimita 559. Baiskeli ya Kijapani yenye kikapu, iliyoandikwa 26 x 1 3/8, ringi yake ni 590. Tofauti ni milimita 31, na hakuna fundi wa kuzilazimisha zikubaliane. "Inchi 28" nayo ni hivyohivyo: Phoenix na Black Mamba za breki za fito hutumia 635 (28 x 1 1/2), lakini mtumba wa Uholanzi au Ujerumani ulioandikwa 28 mara nyingi ni 622. Hiyo 622 ndiyo ringi inayoitwa pia 700C, na ndiyo ileile ya baiskeli za milimani za inchi 29. Kijapani cha inchi 27 ni 630, na 27.5 ya milimani ni 584.

Kwa hiyo tafuta namba mbili zenye kistari katikati, kwa mfano 47-559. Ya kwanza ni upana wa tairi likiwa limejaa upepo, kwa milimita. Ya pili ni kipenyo pale tairi linapokaa kwenye ringi, na hiyo lazima ifanane kabisa na ya ringi yako. Kabla ya kununua baiskeli, pita duka la spea la pale unapoishi, si la mjini, uulize wana tairi za namba ipi. Baiskeli ya 590 inaweza kuwa nzima kila kitu, kisha ikalala miezi kwa kukosa tairi.

Upana gani?

Milimita 28 hadi 32 ni za lami tupu. 35 hadi 40 zinatosha kwa lami pamoja na changarawe iliyoshindiliwa, bila mzigo mkubwa. Kuanzia 42 hadi 50 ndipo penye baiskeli ya kazi zote, na kwa anayebeba mzigo mara kwa mara sisi tungechukua 47 au 50 bila kusita. Kwenye ringi ya 559 hizo ndizo huuzwa kama 26 x 1.75 na 26 x 1.95. Zaidi ya 54 ni za mchanga na mawe. Kwenye lami utazisukuma bure.

Wapo wanaoamini tairi jembamba na gumu daima ni jepesi kuendesha. Kwenye lami laini kuna ukweli. Kwenye barabara ya mawimbi na kokoto, tairi gumu hurusha baiskeli na mwendeshaji pamoja, na nguvu yako huishia kwenye mtikisiko. Tairi pana lenye upepo kiasi hupita juu ya kokoto bila kukurusha.

Udongo mweusi wa masika ni kesi nyingine. Pale upana haukusaidii, kinachosaidia ni nafasi. Tope hunata, hujaa kati ya tairi na foku, gurudumu linagoma kabisa. Tairi la 38 lenye nafasi ya milimita 12 kila upande litapita pale ambapo la 50 lililobanwa litasimama.

Kuhusu kashata, yaani vinundu vya uso wa tairi: chagua tairi ambalo katikati ni laini au lina mstari usiokatika, na kashata ndogo zipo pembeni. Kashata kubwa huvuma kwenye lami na huisha katikati haraka, ukabaki na tairi lenye kipara katikati na pembeni jipya.

Upepo

Kwa mtu wa kilo 70 hadi 75 asiye na mzigo, anza hapa (psi ni kipimo cha upepo kwenye geji ya pampu), kisha rekebisha kidogokidogo:
- tairi la 32: psi 60 hadi 65
- tairi la 38: psi 45 hadi 50
- tairi la 42: karibu psi 40
- tairi la 47 au 50: psi 30 hadi 35

La mbele liwe pungufu kwa psi 3 hadi 5, maana uzito mwingi uko nyuma. Ukifunga gunia la kilo 30, ongeza psi 10 hadi 15 kwenye la nyuma, mradi usivuke kiwango kilichoandikwa ubavuni. Kujaza mpaka tairi liwe gumu kama jiwe hakuzuii pancha za miba, na ringi kuukuu inaweza kuachia ukingo wa tairi.

Pancha yenyewe itakuambia kosa liko wapi. Ukikuta matundu mawili yaliyokaa sambamba kwenye tyubu, huo si mwiba: tyubu ilibanwa kati ya ringi na jiwe. Ongeza upepo au vaa tairi pana zaidi. Tundu moja upande wa nje ni mwiba au kijiti cha waya. Pitisha kitambaa ndani ya tairi taratibu, kitakwama penye ncha, uing'oe kabla ya kurudisha tyubu. Tundu likiwa upande unaotazama ringi, angalia utepe wa ringi, maana kichwa cha spoku kimetokeza.

Ringi nayo ina mipaka. Pima upana wake kwa ndani, ukingo hadi ukingo. Milimita 19 hubeba tairi za 28 hadi karibu 60. Ringi za mbio za zamani zenye 13 hadi 15 zisivalishwe kitu kipana kuliko 32. Ukipunguza upepo, tairi litayumba kwenye kona.

Kupima nafasi ya fremu

Chukua alenki (ufunguo wa pembe sita) ya milimita 6 na rula. Jaza tairi lililopo, hakikisha gurudumu limekaa katikati, kisha pitisha alenki kati ya tairi na bomba za chini nyuma ya kranki, kulia na kushoto. Rudia kwenye miguu ya foku, chini ya shingo yake, na kwenye kile kibomba kinachounganisha bomba za juu za nyuma. Alenki ikikwama hata mahali pamoja, hapo umeshafika mwisho.

Ikipita, piga hesabu. Pima tairi lenyewe, usiamini maandishi, maana la 40 kwenye ringi nyembamba linaweza kuwa 37. Jumlisha nafasi za pande zote mbili, kisha toa 12. Tairi la 37 lenye nafasi ya 9 kulia na 8 kushoto linakupa 54. Toa 12, unabaki na 42. Hilo ndilo tairi pana kuliko yote unaloweza kuvalisha, na kwa njia za tope toa 20 badala ya 12. Kumbuka tairi likipanuka huinuka pia, kwa hiyo nafasi ya juu isome kwa makini uleule. Madigadi nayo inataka nafasi yake: iwe pana kuliko tairi kwa milimita 8 hadi 10.

Nafasi ikiwa kubwa upande mmoja, geuza gurudumu, kulia kuwe kushoto (la nyuma toa cheni kwanza). Tofauti ikihamia upande wa pili, gurudumu ndilo halijakaa sawa, na fundi wa spoku atalirudisha. Ikibaki palepale, fremu au foku imepinda. Shusha bei au ondoka.

Breki, mashimo na urefu wa nyuma

Breki ndizo hufunga mjadala kwenye fremu nyingi. Zile za mikono mifupi za baiskeli za mbio, ambazo pedi hushuka milimita 39 hadi 49, huishia kwenye tairi la 28 au hapo karibu. V-breki, zenye mikono miwili mirefu iliyosimama pande zote za tairi, hupitisha hata la 50, ila zimefungwa kwa kipenyo kimoja cha ringi. Za diski hukuruhusu kubadili 622 kwa 584, lakini pedali zitashuka kama tairi jipya si kubwa zaidi, na zitagonga mawe. Breki za fito zinataka ringi yake ya asili. Kwa mtu wa mbali na mji tunashauri V-breki: waya na pedi zake hupatikana kirahisi, na ukiona ukuta wa ringi umebonyea kwa kusuguliwa na mchanga unajua muda wake umefika.

Tafuta mashimo ya bolti za milimita 5 karibu na ekseli ya nyuma, mawili kila upande ndiyo bora, moja la keria na jingine la madigadi, pamoja na mawili juu chini ya siti. Keria iliyobanwa kwa vishikizo tu huteleza mzigo ukizidi. Kisha pima kutoka katikati ya kranki hadi katikati ya ekseli ya nyuma: milimita 430 hadi 450 ni nzuri. Chini ya 420 kisigino kinagonga mifuko ya keria, na mzigo ukikaa nyuma ya ekseli gurudumu la mbele linakuwa jepesi kwenye mlima.

Chuma kinashinda kwa sababu ya ukarabati. Fundi wa kuchomelea mwenye mkono mwepesi anaweza kuunga bomba lililopasuka. Alumini inataka mashine ya gesi maalumu, na kaboni iache. Vilevile habu (kitovu cha gurudumu) ya nyuma yenye upana wa milimita 135 inaweza kuingia kwenye fremu ya chuma ya 130 kwa kuipanua kidogo. Ya alumini usijaribu, itapasuka. Gurudumu la nyuma liwe na spoku 36.

Ukishafunga kila kitu, weka kilo 20 kwenye keria, panda mlima mfupi ukiwa umesimama juu ya pedali, kisha shuka ukaangalie rangi ndani ya bomba za nyuma. Ukiona alama mpya ya mpira, hata nyembamba, rudi kwenye tairi la saizi moja chini. Mchanga ukiingia hapo hula rangi kwanza, kisha chuma.