Farasi ya mbio ikifika Lubumbashi: namna ya kuifundisha upya, ye na mwenye kuipanda

Ukipata farasi yenye ilikuwa inakimbia mbio kule Afrika ya Kusini ao Zimbabwe, usiseme iko na kichwa nguvu. Tangu iko na miaka mbili hivi bantu banairushia mwenye kuipanda ku mugongo ingali inatembea, na hatamu zikikazwa yenyewe inaegemea chuma ya mu kinywa na kuongeza mbio, njo kazi yenye balimufundisha. Sasa we unafika, unavuta hatamu ju ya kuisimamisha, ye anasikia tu kama saa ya kukimbia imefika. Kosa haiko yake hata kidogo.

Mbele ya yote ita munganga wa banyama. Aangalie mugongo, miguu, na meno, sababu kuko kameno kadogo mbele ya magego kenye kanaweza kuguswa na chuma na kuumiza kila wakati unashika hatamu. Tandiko nayo, pitisha mukono chini yake kila fasi, kama inabana vidole, badilisha. Mi naona mingi yenye banaita ukaidi ni maumivu tu, na inaniuma sana kuona farasi inachapwa sababu ya tandiko mubaya.

Chakula: farasi ya kilo 500 inaomba karibu kilo 10 za majani makavu kila siku. Nafaka zile za mbio upunguze pole pole, siku 7 mpaka 10, ukizikata ghafla tumbo itauma na hiyo inaweza kuiua. Halafu iache ipumzike muezi moya ao mbili, itembee na wenzake.

Kazi inaanzia chini, na kamba. Simama mbele kidogo, ku upande wa bega, weka kidole ku kifua, bonyeza pole, usiongeze nguvu, ungoja. Itaangalia mbali, itasukuma, itapiga mukia, we baki vilevile. Ile saa uzito wake unarudi nyuma hata kidogo, hata kabla ya kuinua muguu, toa kidole mara moya na uache yote, usimupige-pige ku shingo, simama tu. Utaona inalamba midomo ao inashusha kichwa. Hiyo ni alama wasiwasi imeshuka kidogo. Farasi inajifunza wakati unaacha, haijifunze wakati unasukuma, na ukichelewa kuacha umefundisha kitu ingine. Dakika 20 zinatosha, ikifanya muzuri maliza, hata kama we ungali na hamu.

Kupanda vilevile: weka muguu, egemea, shuka, tena, tena. Ikisogea usivute, izungushe mara moya pole pole, rudi pale pale.

Sasa mwenye kupanda, na huku njo kazi ni nguvu kuliko farasi. Mbele ya kumupa hatamu, ninaomba bantu mbili bashike kamba chini, moya afunge macho awe farasi, mwingine amuongoze. Mwenye kufunga macho atakuambia wazi fasi gani mukono ulikuwa muzito, na mukubwa mwenye kukataa maneno ya mualimu ataikubali kwa mwenzake. Halafu apande bila hatamu, we unashika kamba murefu farasi inazunguka, ye ahesabu hatua kwa sauti, sababu mwenye kuhesabu anapumua, na akipumua mugongo unalegea. Akiweza troti (mbio ya pole) hivyo bila kushikilia kitu, mupe hatamu. Galopu (mbio ya nguvu) ingoje.

Tuko na mvua tangu Novemba mpaka Machi, na tule tududu twa magaribi tunaleta ugonjwa wa farasi wenye unaua, kwa hiyo somo ni asubuhi jua ikisha panda, na mbele ya jua kushuka farasi iko mu nyumba yake. Chanjo, ongea na munganga mapema mbele ya mvua.

Kutoka inje ya lupango ni ya mwisho. Tanguliza farasi mukubwa mupole. Omba wewa moya (mwenye kubeba bantu na pikipiki) asimamishe moto (pikipiki) yake mbali, moteri imezimwa, farasi iangalie mpaka ishushe kichwa, njo aiwashe. Kichwa ikipanda, azime, murudie. Siku ingine apite pole pole upande wa pili wa barabara, na mwenye kupanda aangalie fasi anaenda, hapana moto.